Vidaka vya Minazi ya Mama

Dagoni, Shungimbili
Jumanne, 11 Juni 2024

Dada Mwanahija,

Assalaam alaykum. Mimi mzima, wavuvi wenzangu wote wa kambi hii ya dago wazima, samaki wapo. Salamu zimeishia hapo, maana nililonalo moyoni halinipi nafasi ya kuulizia kuku na mbuzi.

Simu ya huku ni ya kubahatisha, na siku ile niliyokupata ulinikatia. Barua hutaikatia. Nimempa nahodha wa boti ya barafu na nimemwambia akukabidhi mkononi.

Minazi ya mama inamwaga vidaka kabla havijafika hata kuwa madafu. Hilo ulilisema mwenyewe tangu Ramadhani. Minazi sitini, arobaini yangu na ishirini yako kama tulivyogawiwa kwa sheria, minazi iliyotulea mimi na wewe, leo mtu akipita chini yake anakanyaga vidaka hatua kwa hatua. Juu kumebaki makole matupu yasiyo na nazi hata moja. Ukaniambia ni jua. Kwani jua la Ndagoni limeanza mwaka huu?

Sasa sikiliza. Mwenzangu wa hapa, Matano, mtu wa Kilwa asiye na ugomvi na yeyote huko, alikuja huko Ndagoni wiki iliyopita kuchota maji. Akamwona mtu anashuka kwenye mnazi wangu, ule wa karibu na kisima, shuka kiunoni imejaa vidaka. Si nazi, si madafu. Vidaka. Yule mtu alipoona anatazamwa akakaza fundo la shuka na kuondoka. Matano akauliza pale kisimani ni nani yule. Akaambiwa ni Mkadam, mkwezi, mume wa Mwanahija.

Mumeo, dada. Shemeji yangu.

Na sababu naijua. Siku ya arobaini ya mama nilimwambia kwamba mkwezi wa nje huchukua nazi yake moja kila mnazi, lakini yeye ni mtu wa nyumbani, ya nyumbani ataikwea bila nazi. Siku hiyohiyo mimi ndiye niliyezunguka shamba zima na mwenge wa makuti, nikachoma viota vya maji moto mpaka cha mwisho, baada ya wale chungu wekundu kuwadondokea masheikh kwenye sahani za pilau. Mumeo alikuja akanong'ona maneno mawili matatu, nikamwambia akae pembeni, akabaki ananitazama amekunja mikono. Kwa hiyo nani mwenye uchungu na minazi ile? Mimi niliyeisafisha, au yeye anayepanda juu kung'oa vidaka ili kunikomoa?

Nataka isomwe halbadiri. Sitaji jina. Isomwe kwa yeyote aliyeitia mkono wa ubaya minazi ya mama, Mungu amjue mwenyewe. Mwalimu Abdulhamidu amekubali, ila amesema mali ni ya warithi wawili na hasomi mpaka apate ridhaa ya wote wawili kwa maandishi. Yangu nimeshaandika. Niletee yako.

Nduguyo,
Abdulswamadu

*

Ndagoni
Ijumaa, 14 Juni 2024

Abdulswamadu,

Waalaykum salaam. Shikamoo yako nimeitafuta juu ya karatasi na chini ya karatasi sikuiona. Nimekupita miaka tisa. Nimekubeba mgongoni mpaka mgongo ukaota sugu. Huenda imelowa maji kwenye boti ya barafu.

Jibu langu ni hapana. Siandiki ridhaa.

Unaniandikia mimi kwamba mume wangu mwizi, kisha unaniomba nitie sahihi aangamie. Umewahi kuona wapi? Na mwizi gani anaiba vidaka? Kidaka hakiliwi, hakikunwi, hakitoi tui, hata mbuzi anakinusa na kukiacha. Watoto wa hapa wanavichezea. Mwizi anaiba nazi, Abdulswamadu. Hilo hata huyo Matano wako wa Kilwa anapaswa kulijua, maana Kilwa nako kuna minazi.

Unasema Mkadam anakukomoa. Na minazi yangu ishirini je? Nayo imemwaga vilevile. Ananikomoa na mimi ninayempikia ugali?

Mkadam alikwea mnazi ule kwa sababu vidaka vinamkosesha usingizi. Miaka ishirini na mbili yuko juu ya minazi ya watu, hajawahi kuona kitu kama hiki. Alivikata vile ambavyo havijaanguka bado, apate kuvitazama. Viko hapa jikoni ndani ya pakacha, vina vidonda vyeusi na utomvu. Amevigeuzageuza siku tatu. Anasema ni kitu kinachouma, ila hajakiona. Nilimwambia akuandikie. Akasema wewe hutamsikia, hukumsikia ulipokuwa na mwenge mkononi.

Halbadiri si kitu cha kuchezea. Mama alituambia jinsi nyumba ya jirani ilivyoisha kwa halbadiri ya kuku aliyeibwa. Ukishaisoma huirudishi. Kaa na samaki wako, acha shamba nilitunze mimi ninayelala kando yake.

Dada yako, ambaye bado ni mkubwa wako,
Mwanahija

*

Dagoni, Shungimbili
Jumatatu, 24 Juni 2024

Dada,

Nimesoma. Sikutegemea zaidi ya hayo. Mke atamfichia mumewe, ndivyo dunia ilivyo.

Lakini nami si mtoto tena wa kubebwa mgongoni. Mtu asiye na la kuogopa haogopi kusomewa. Kama mumeo ni msafi, halbadiri itampita kama upepo. Kukataa kwako ndiko kumenijibu.

Matano alikuja huko Ijumaa iliyopita. Nilimtuma asimame baada ya swala aseme alichokiona kwa macho yake, na amesema, msikiti mzima wamesikia. Hakutukana mtu, kasimulia tu. Na nimemwambia aongeze kwamba kuanzia siku hiyo Mkadam asikanyage chini ya minazi yangu arobaini. Akionekana, serikali ya kijiji itamjua.

Karatasi ya ridhaa bado naisubiri.

Abdulswamadu

*

Ndagoni
Jumanne, 2 Julai 2024

Abdulswamadu,

Umefurahi?

Ijumaa ile Mkadam alikuwa safu ya pili. Alikaa akasikia yote, hakuna aliyemgeukia, hakuna aliyemwondokea. Alirudi nyumbani akala, akanawa, akaniambia Matano ana sauti nzuri, angefaa kuadhini. Kwa siku tatu alikuwa hivyo, anafanya mzaha. Siku ya nne alikwenda kwa watu wa mtaa wa chini waliomwita kuangua nazi tangu mwezi uliopita. Wakamwambia wameshapata mkwezi mwingine. Akaenda kwa Mzee Sudi, ng'ambo ya njia, akaambiwa nazi bado hazijakomaa. Nazi za Mzee Sudi zimekomaa mpaka zinaanguka zenyewe usiku tunazisikia.

Wanawake nao hawako nyuma. Nikiingia kisimani wanahesabu ndoo zao. Moza, niliyemlea mwanawe kwa maziwa yangu, jana kaniuliza kama ni kweli mume wangu ana dawa ya kukausha minazi.

Jumapili Mkadam alitundika kamba yake ya kukwelea kwenye msumari wa barazani, akakunja nguo mbili, akapanda bodaboda. Yuko Kilindoni, bandarini, anashusha magunia. Mtu wa miaka hamsini na moja anayejua kila mnazi wa kijiji hiki kwa tabia yake, anabeba saruji na vijana. Hakunipa talaka, na sikumwomba. Alisema tu kwamba hawezi kuishi mahali ambapo watu wanainua macho juu kila akipita chini ya mnazi.

Nimekasirika, utaona kwenye mwandiko. Sikuandikii kukubembeleza. Nakuandikia ujue ulichofanya, usije siku moja ukasema hukujua.

Pakacha la vidaka bado liko jikoni. Kesho nitalipeleka kwa bibi shamba mgeni, yule binti Aziza. Mkadam alikuwa apeleke mwenyewe.

Mwanahija

*

Dagoni, Shungimbili
Ijumaa, 5 Julai 2024

Dada,

Amekimbia. Umeandika maneno mengi lakini habari ni hiyo moja. Mtu msafi angesimama palepale msikitini akajitetea. Yeye kafanya mzaha, kisha kapanda bodaboda.

Pole kwa kubaki peke yako, na hili nalisema kutoka moyoni. Lakini usinitwishe mimi. Kama angekaa chini akaomba radhi mapema, mimi ni mtu wa kusamehe, wote wanajua.

Peleka vidaka vyako kwa huyo binti. Atakuambia utie mbolea, maana wamefundishwa hilo moja tu. Mimi nimeshazungumza na Mwalimu Abdulhamidu. Itakuwa Ijumaa ya tarehe 19, baada ya swala, mimi nitavuka kuja. Waalikwa ni walewale waliomsikia Matano. Imebaki ridhaa yako tu, na safari hii nimekuwekea karatasi nimeshaiandika, wewe tia sahihi. Inasema: "Mimi Mwanahija, mrithi, naridhia isomwe kwa kila aliyetia mkono katika kuharibu minazi ya mama yetu, awe nani na awe wapi."

Kama huna la kuficha, itarudi na boti.

Abdulswamadu

*

Ndagoni
Jumamosi, 13 Julai 2024

Abdulswamadu,

Karatasi yako hii hapa, nimeitia sahihi. Sikubadili hata neno. Ila usiipeleke kwa Mwalimu kabla hujafika mwisho wa barua hii.

Bibi shamba Aziza hakusema mbolea. Alipasua kidaka kimoja kwa kisu changu cha samaki, akanusa, akauliza minazi yenyewe iko wapi. Juzi alikuja na pikipiki yake, akakaa chini ya minazi yako asubuhi nzima ameinua shingo, kisha akaomba mkwezi. Nikamwambia mkwezi nilikuwa naye. Ikabidi apande mwenyewe. Msichana yule kapanda kwa suruali yake ya ofisini, polepole, anasimama kila hatua, na kule juu akakaa mpaka nikaanza kusoma dua. Kateremka na chupa.

Ndani ya chupa mna wadudu wawili. Ni mdudu mwembamba, wa rangi ya kahawia inayokwenda wekundu, urefu wake haufiki ukucha wa kidole gumba, ana miguu mirefu na pembe mbili ndefu kichwani. Anamwita kunguni wa mnazi. Hana meno. Ana mdomo kama sindano ya cherehani, anauchomeka kwenye kidaka kikiwa bado kichanga, chini ya kile kikofia, anafyonza na kuacha sumu ya mate yake. Kidaka kinafanya kidonda, kinatoka utomvu, kinaanguka. Wawili tu wanatosha kuumaliza mnazi mzima. Mchana anajificha kwenye maua, mtu akikaribia anaruka. Ndiyo maana Mkadam alijua kuna kinachouma lakini hakukiona.

Nikamwuliza, mbona miaka yote hatukuwa naye? Akasema mlikuwa naye, siku zote yuko, ila kuna aliyekuwa akimfukuza. Akaniuliza maji moto wa shamba hili wamekwenda wapi.

Soma tena hapo, Abdulswamadu.

Wale chungu wekundu wanaoshona majani na kutuuma mpaka tunavua nguo, hao ndio walikuwa walinzi wa minazi ya mama. Kunguni hakai penye maji moto. Wanapanda mpaka kwenye maua, wanamkamata, wanamla. Aziza alinishika mkono akanivusha njia mpaka kwa Mzee Sudi. Viota viko kila mnazi, na minazi imebeba mpaka makole yameinama. Njia moja tu imetutenganisha. Tofauti ni kwamba Mzee Sudi hana kaka wala mdogo wa kumsafishia shamba.

Ulipokuwa na mwenge, Mkadam alikufuata akakuambia uwaache, baba yake alimkataza kuwachoma. Ulimwambia mbele ya masheikh kwamba hujapata kuona mkwezi anayependa kuumwa makalio. Watu wakacheka. Nami nilicheka.

Sasa nakuambia ambalo sijamwambia mtu, hata Aziza. Mwenge wako ulizimika kwenye mnazi wa tatu. Uliniita nikuletee mafuta ya taa. Nilikuletea chupa nzima, na nikakuonyesha viota vilivyojificha upande wa kisima ambavyo hukuviona. Nilikuwa nimechoka, nilikuwa na msiba, chungu walikuwa wameingia kwenye sufuria la wali, nilitaka wafe wote. Mkadam aliniona. Hakuwahi kunitajia, hata siku moja, hata alipokuwa anakunja nguo zake.

Kwa hiyo aliyetia mkono ni wewe, na wa pili ni mimi. Karatasi yako inasema "awe nani na awe wapi." Nimetia sahihi nikiwa na akili zangu. Ikisomwa Ijumaa itampita Mkadam kama upepo, ulisema kweli, na itatupata sisi wawili tuliotoka tumbo moja. Mimi niko tayari, kwa hasira niliyonayo sijali. Wewe ndiye uliyeitaka. Mpelekee Mwalimu.

Mwanahija

*

Dagoni, Shungimbili
Jumanne, 16 Julai 2024

Dada yangu Mwanahija,

Shikamoo.

Barua nimeisoma mara nne. Mara ya kwanza niliitupa mchangani nikasema umezua. Ya pili nikakumbuka sehemu ya chupa ya mafuta ya taa, maana mtu hazui jambo la kujiangamiza mwenyewe. Nikakumbuka na maneno niliyomwambia shemeji, na jinsi masheikh walivyocheka, na jinsi nilivyoona raha.

Karatasi zote mbili, yako na yangu, nimezichoma jikoni kwa mpishi. Matano aliniuliza nachoma nini, nikamwambia aongeze kuni.

Sijalala, dada. Watu wa dago wanadhani nina homa. Nimemtumia Mwalimu ujumbe kwamba hakuna kusoma, ila sikumwambia sababu. Nifanye nini? Nataka nimwandikie shemeji lakini sijui naanzaje. Labda umwambie wewe kwamba tulikosea, yaishe kimya kimya, sisi ni ndugu. Katika minazi yangu arobaini, ishirini naongeza iwe yenu.

Mdogo wako,
Abdulswamadu

*

Ndagoni
Alhamisi, 18 Julai 2024

Abdulswamadu,

Marahaba.

Hakuna kimya kimya. Ulimvua nguo mbele ya msikiti, utamvisha mbele ya msikiti. Minazi yako kaa nayo, hatukuomba minazi.

Kesho vuka na boti ya asubuhi kama ulivyopanga. Waalikwa watakuja, sikumwambia yeyote kwamba halbadiri imefutwa. Baada ya swala simama wewe, si Matano, useme nani alichoma viota na nani alileta mafuta. Jina langu litaje, mimi nitakuwa dirishani upande wa wanawake nasikiliza. Ukiliruka nitaingia nilitaje mwenyewe.

Ukimaliza, panda bodaboda uende Kilindoni, uingie bandarini mchana watu wakiwepo, umtue Mkadam gunia la begani kwa mikono yako. Akikataa kurudi, utalibeba wewe mpaka atakapokubali.

Kisha kuna viota. Aziza anasema ukoo ukichomwa wote haurudi wenyewe upesi, inabidi waletwe. Kwenye mikorosho iliyoachwa kule Ras Kisimani wamejaa. Vinakatwa alfajiri na matawi yake, vinatiwa kwenye kiroba, vinafungwa mnazi kwa mnazi, halafu zinavutwa kamba za makumbi kutoka mnazi hadi mnazi wapate njia ya kupita juu. Mkadam hatavikata. Mimi nitashika kiroba, wewe utakata. Watatuuma. Na watuume.

Mwanahija

*

Ndagoni
Ijumaa, 21 Februari 2025

Shemeji Abdulswamadu,

Waalaykum salaam. Salamu ulizompa Matano nimezipata, pamoja na swali lako kama nitaanza kukwea minazi yako makole yatakapokomaa.

Kwanza nikupe habari. Viota ulivyokata wewe vimeshika. Maji moto walihama kwenye majani makavu wakashona mapya, na tangu Desemba wanatembea juu ya zile kamba mchana kutwa. Vidaka vimeacha kuanguka. Mnazi wa karibu na kisima umebeba makole mawili, la tatu linatoka kwenye karara, lile ganda la maua. Bibi shamba Aziza alipita akapanda tena, safari hii bila kusimama njiani, lakini aliteremka upesi kwa kuumwa.

Ulisimama mbele ya watu ukasema, ukaja bandarini ukanitua gunia nikarudi nawe, na mbele ya watu nimesema nimekusamehe. Sirudi nyuma. Mke wangu naye nimemsamehe, huyo nilimsamehe siku ileile aliyoleta chupa ya mafuta ya taa. Watu wameniita kuangua nazi zao, wengine wananiongezea nazi ya pili bila kuniambia sababu, nami naichukua bila kuuliza.

Lakini wiki iliyopita Mwanahija alinitolea barua zenu zote, zile alizohifadhi, na zile alizokuandikia ambazo ulimrudishia. Nimezisoma kwa utulivu. Zinanizungumzia mimi kuanzia ya kwanza. Nimeitwa mwizi, nimeitwa mkimbizi, nimehukumiwa, nimetetewa, nimesafishwa. Na katika zote hizo, shemeji, hakuna hata moja uliyoniandikia mimi. Hata hili swali la kukwea umelituma kwa mdomo wa Matano.

Kwa hiyo jibu langu liko hapa, na nimeliandika kwako mwenyewe. Minazi ishirini ya mke wangu nitaikwea bila nazi, ni ya nyumbani. Hiyo arobaini yako utaikwea wewe, au utafute mkwezi umpe nazi yake moja kila mnazi kama wakwezi wote wanavyopewa. Mimi sipandi.

Ukija kukwea, jipake majivu makavu mikononi na miguuni kabla ya kushika mnazi. Maji moto hawayapendi, watakupisha. Baba alinifundisha hivyo nikiwa na miaka kumi, ndiyo maana hatukuwahi kuhitaji kuwachoma. Ungeniuliza siku ya arobaini ya mama, ningekuambia.

Shemeji yako,
Mkadam